Nimemsomea Mzee habari za Zhongxinshe kwa miaka mitatu

Nahudumia wazee majumbani mwao hapa Toronto. Kuna mmoja ambaye kazi yangu ya kwanza asubuhi si dawa wala chai, ni kumsomea habari kwa sauti. Hapa nitamwita Mzee. Ana kwa ana namwita A-baak, jina la heshima ambalo Wakantoni humpa mwanamume aliyempita baba yako umri. Yeye ananiita A-mui, mdogo wake wa kike, ingawa kwa hesabu ya miaka mimi ni mjukuu wake kabisa.

Macho yake yameharibika katikati. Pembeni anaona, ila pale ambapo herufi ingekaa pana doa la kijivu. Kwa miaka mingi alisoma Sing Tao, gazeti la Kichina, kwa lenzi ya mkono, karibu kabisa na dirisha, ghorofa ya tisa, mitaa miwili kutoka Spadina, barabara ya mtaa wa Wachina hapa Toronto. Agosti 2022 toleo la Kanada likaacha kuchapwa kwenye karatasi. Binti yake akamshauri ahamie gazeti jingine. Akajibu kwamba mtu wa miaka 84 hahamii gazeti jingine, anasubiri tu zamu yake kwenye ukurasa wa tanzia, na sasa hata huo wamemnyang'anya.

Binti akanigeukia mimi. "Wewe si ulisoma China?" Ndiyo, nilisoma Guangzhou miaka minne. Kimandarini nasoma bila kukwama, Kikantoni nakisikia vizuri kuliko ninavyokisema. Basi tukaanza kutafuta cha kusoma. Tukajaribu akaunti mbili tatu za WeChat, programu ya simu ya Wachina ya kutumiana ujumbe na habari, ambazo kila mtu pale jengoni huzisambaza: vichwa vya habari vina alama tatu za mshangao, kila siku kuna sheria mpya ya viza inayoanza kesho, na ukifika chini unakuta tangazo la vidonge vya magoti. Mzee akasema hizo ni kelele za sokoni, si habari. Tukaishia kwa Zhongxinshe, na hapo ndipo tulipo hadi leo.

Jina lake kamili ni Zhongguo Xinwen She, na kwa dunia nzima hujitambulisha kama China News Service. Ni shirika la habari la serikali ya China, la pili baada ya Xinhua, ila kazi waliyogawiana ni tofauti. Xinhua huongea na nchi na dunia. Hili lilianzishwa Beijing mwaka 1952 kwa ajili ya Wachina walioko ng'ambo na magazeti yao. Halikuwa na haja ya kukufikia wewe mwenyewe. Lilikuwa jiko la nyuma. Mhariri wa gazeti dogo la Kichina lenye watu wanne na mashine moja alipokea humo habari, picha, wakati mwingine hata ukurasa mzima uliokwisha kupangwa, yeye akaongeza matangazo ya migahawa ya mtaani kwake na kuchapa. Mwaka 1995 likaingia kwenye intaneti kupitia Hong Kong, mapema kuliko vyombo vingi vya Kichina, na tangu hapo mlaji anaweza kuingia jikoni mwenyewe na kufunua sufuria.

Ninachoandika hapa ni maoni ya mtu anayesoma kwa sauti, na hicho ni kipimo kikali. Jicho huruka sentensi mbovu bila hata kujua. Mdomo hauruki.

Kila habari huanza na mahali, tarehe, kisha neno dian. Dian ni umeme, na hapo maana yake ni simu ya maandishi: habari hii imekuja kwa waya. Hakuna waya tena, lakini neno limebaki, na mimi nalisoma. Nikishafika kwenye dian Mzee huweka kikombe chini. Siku moja nililiruka kwa haraka zangu, akanyamaza akinisubiri niendelee na mwanzo ambao yeye hajausikia.

Habari fupi zao ni nzuri sana mdomoni. Aya tatu au nne, sentensi zinazoishia panapostahili, mtu wa kawaida akinukuliwa akisema jambo la kawaida. Mwandishi wao akienda kijijini Fujian au Guangdong kuandika juu ya mtu aliyerudi kutoka ng'ambo kutafuta kaburi la babu yake, anajua kumwacha huyo mtu aongee. Sehemu inayoitwa Huaren, yaani watu wa asili ya China walioko nje, ndiyo tunayoanza nayo: mkutano wa chama cha watu waliotoka wilaya moja, mwalimu wa Kichina wa shule ya Jumamosi, ngoma ya simba mahali ambapo hukutegemea, vijana waliozaliwa ng'ambo wakipelekwa kambi ya kiangazi kutafuta mizizi. Mzee huuliza majina ya ukoo ya kila mtu. Nikimtajia, yeye hutaja kijiji. Mara nyingi hupatia.

Siasa za ukurasa wa mbele ni shughuli nyingine. Kiongozi amekutana na kiongozi, vyeo vyao vinachukua pumzi mbili, na kitenzi kinakuja ukiwa umeshasahau nani anafanya nini. Mzee amenifundisha neno moja tu kwa hizo: "Pita." Napita. Wana pia mfululizo wa mahojiano na wasomi, ulioanza 2021, kuhusu Mashariki na Magharibi. Wanaoupenda watanisamehe, lakini kwangu ni dawa ya usingizi isiyo na madhara. Dakika kumi tu na Mzee anakoroma, nami napata nafasi ya kuosha vyombo.

Sasa herufi. Kurasa ninazomsomea ziko kwa herufi zilizorahisishwa, zile ambazo serikali ya China ilizipitisha mwaka 1956. Mzee aliondoka kwao Kaiping, mkoa wa Guangdong, mwaka 1955. Kwa hiyo alikosana nazo kwa mwaka mmoja na hakuwahi kupatana nazo. Ungedhani kwa asiyeona haina maana, lakini mara nyingine hutaka niikuze herufi moja kwenye kishikwambi mpaka ijae kioo chote, kisha ageuze kichwa aitazame kwa pembe ya jicho, kama kuku anavyotazama punje. Siku hiyo habari ilihusu Kaiping kwenyewe, minara yao ile ya matofali na zege ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2007. Ilijengwa kwa fedha za watu wa ng'ambo, kuzuia majambazi na mafuriko. Nikaikuza herufi ya kwanza ya Kaiping. Zamani iliandikwa 開, ambayo nje ina mlango wa mbawa mbili. Siku hizi ni 开. Akaitazama muda mrefu.

"Wamechukua mlango wa kwetu," akasema. "Kijiji kimebaki wazi."

Akacheka mwenyewe, ila kila habari ya Kaiping ikija huuliza kama mlango umerudishwa.

Kuna herufi nyingine wanayoipenda sana watu wa shirika hili, nayo ni qiao, mtu anayeishi ugenini. Ina mtu ubavuni. Ukimwondoa mtu na kuweka mti inakuwa qiao nyingine, daraja, na zote mbili hutamkwa sawasawa. Kwa hiyo hakuna hotuba juu ya Wachina wa ng'ambo isiyosema kwamba mgeni ni daraja. Mara ya kwanza niliona ni mchezo mzuri wa maneno. Mara ya arobaini unatamani daraja livunjike. Na wana neno lao la kiofisi, zhuzaiguo, nchi unamokaa. Mzee ana pasi ya Kanada tangu ujana wake. Sheria ya uraia ya China ya mwaka 1980 haitambui uraia wa nchi mbili, kwa hiyo kwa karatasi yeye si raia wa kule hata kidogo. Lakini katika habari hizi Kanada ni pale anapokaa tu, kama mtu aliyekaa kwenye benchi akisubiri basi. Nilimuuliza kama linamkera. Akasema baba yake alilipa dola 500 za kodi ya kichwa ili aingie Kanada, na mwaka 1923 Kanada ikafunga mlango kabisa kwa Wachina hadi 1947. "Wao ndio walianza kusema nimekaa tu."

Hapo sikuwa na la kuongeza, nikaendelea kusoma.

Niseme mahali ambapo shirika hili limetufaa kweli, mbali na kutuburudisha. Novemba 2023 China ilijiunga na utaratibu wa apostili, ule wa muhuri mmoja unaotambuliwa nchi zote wanachama, na Januari 2024 Kanada nayo ikaanza kuutumia. Binti alikuwa ana hati ya uwakili ya kupeleka Kaiping kwa ajili ya nyumba ya ukoo. Jengo zima walikuwa wanabishana: wengine wanasema bado lazima ubalozi mdogo ugonge mhuri, wengine wanasema yupo jamaa, ukimlipa anamaliza. Sisi tulikuwa tumeshasoma habari ya aya tano, kavu, yenye tarehe na jina la mkataba, isiyo na mshangao hata mmoja. Binti akaenda kwa serikali ya mkoa wa Ontario, akapata muhuri wake, yakaisha. Vivyo hivyo namba ya dharura ya wizara ya mambo ya nje ya China, 12308, kwa raia wake waliopatwa na janga popote duniani: kila kunapotokea tetemeko au vita wanairudia mwisho wa habari, na Mzee ameikariri ingawa haimhusu. Kwa mambo ya aina hii, ya taratibu, tarehe na nani apeleke nini wapi, sijaona chombo cha Kichina kinachowapita kwa utulivu.

Basi na upande wa pili.

Tulikuwa na miezi miwili tu ya kusoma pamoja pale Novemba 2022, vijana katika miji kadhaa ya China walipotoka usiku kupinga masharti makali ya korona, wakishika karatasi nyeupe zisizoandikwa kitu. Binti aliona picha kwenye simu. Akaja jioni akauliza, gazeti lenu linasemaje? Niliteremsha ukurasa mpaka chini, nikarudi juu, nikateremsha tena. Palikuwa na theluji, palikuwa na roketi, palikuwa na mkutano. Vyombo vya habari vya dola ya China siku zile vilifunika kombe vyote. Mzee hakushangaa. Mimi, ambaye nimeishi kule, nilishangaa kwamba nilikuwa bado natafuta.

Halafu tarehe 26 Desemba. Beijing ilikuwa usiku, huku sisi ndio tunakunywa chai ya asubuhi, habari ikaingia: kuanzia 8 Januari 2023 anayeingia China hatawekwa karantini. Kipimo cha korona ndani ya saa 48 kabla ya safari, basi. Nilisoma. Akasema soma tena. Nikasoma. Akasema ile tarehe tu. Dada yake mkubwa alikuwa Kaiping, miaka zaidi ya 90, hawajaonana tangu 2019. Siku hiyo tulisoma kila kitu walichoandika kuhusu kufunguliwa kwa mipaka: viwanja vya ndege, familia zinazokumbatiana, mabango ya karibuni nyumbani. Waliziandika vizuri, na ninaamini kila chozi lililokuwemo. Binti akaanza kutafuta tiketi.

Tarehe 14 Januari nilimsomea kwamba Tume ya Taifa ya Afya imetangaza vifo 59,938 hospitalini vinavyohusiana na korona, kuanzia 8 Desemba hadi 12 Januari. Akauliza kama Kaiping imetajwa. Haikutajwa. Kila alipopiga simu, mpwa wake alimwambia wote wazima, shangazi amelala, shangazi anakula uji. Mwaka mpya wa Kichina uliangukia tarehe 22. Baada ya sikukuu mpwa akasema ukweli: dada alikuwa amefariki siku kumi kabla ya sherehe, kikohozi cha siku nne, nyumbani, kitandani kwake. Namba ile ilikuwa ya waliofia hospitalini. Yeye hata humo hakuwemo.

Nilidhani Mzee angeniambia tuachane na hizi habari. Badala yake akaniagiza nimletee bati la biskuti lililo juu ya kabati. Ndani mna barua za baba yake, zile zilizokwenda pamoja na pesa. Kwao huziita yinxin, fedha na barua. Mahali pengine huitwa qiaopi, na mwaka 2013 UNESCO iliziweka kwenye kumbukumbu za dunia. Nikamsomea mbili. Kazi ni nzuri. Afya ni nzuri. Baridi si kali. Mzee anasema miaka hiyo baba yake alilala chini ya ngazi za dobi, akipasuka mikono kwa sabuni. Kuna msemo wa Kichina, bao xi bu bao you: peleka habari ya furaha, ya huzuni baki nayo. Ndivyo mwana wa ng'ambo alivyotakiwa kuandika, na ndivyo mpwa alivyofanya kwenye simu.

Sisi Waswahili tunaulizana habari, na jibu la kwanza ni njema hata kama nyumba inaungua. Njema. Halafu mtu anavuta pumzi, na ndipo inakuja ile "ila". Mama hajambo, ila. Watoto wazima, ila. Anayejua lugha husubiri hiyo ila. Tatizo langu na Zhongxinshe ni kwamba inajibu njema, tena kwa sauti nzuri, kisha inakata simu.

Sababu haijafichwa. Kwa miaka mingi shirika lilikuwa chini ya ofisi ya serikali inayoshughulikia Wachina wa ng'ambo, na mwaka 2018 ofisi hiyo ikaingizwa ndani ya idara ya Chama cha Kikomunisti ambayo kazi yake ni kuwavuta karibu wale wasio wanachama, nyumbani na nje. Juni 2020 Marekani ikaliweka shirika hili kwenye kundi moja na ofisi za serikali ya kigeni, kama vile ni tawi la ubalozi. Tangu 2001 pia huwaita wakubwa wa magazeti ya Kichina ya dunia nzima kwenye kongamano lao kila baada ya miaka miwili, la kwanza likiwa Nanjing. Anayesoma gazeti la Kichina mjini kwake na kujiuliza mbona linafanana na la mji mwingine, aanzie hapo.

Kwa hiyo tunasoma viwili. Zhongxinshe asubuhi, na jioni binti husoma kitu kingine, chochote ambacho hakitoki kule. Mzee huita hiyo ya jioni "ila". Hapana, amejifunza kwangu neno lenyewe, kwa Kiswahili, na analitamka kama mtu anayetema mbegu.

Mengine ni madogo. Ni bure, hakuna kujisajili ili usome, na kurasa hufunguka hata kwenye kishikwambi kizee kama chetu. Ukurasa wa kwanza umejaa viungo kama duka la vipuri, maandishi madogo, kila kona kitu kinasogea. Mwenye macho mabovu asijaribu peke yake, aende moja kwa moja kwenye orodha ya habari za papo hapo, ambazo hutiririka kwa mpangilio wa saa. Kwa saa hizo kumbuka ni za Beijing. Na usitegemee mambo ya mtaani kwako. Hutapata mgahawa upi umefungwa Spadina wala nani kafariki jengo la pili. Tanzia alizozoea Mzee hazimo kabisa, na hilo ndilo pengo analolisikitikia kuliko karatasi nyeupe na namba zote nilizotaja.

Juni hii msimu wa lichi ulipoanza tulipata habari nzuri ya Guangdong. Mwandishi ameingia shambani alfajiri, ametaja feizixiao na nuomici, aina mbili za lichi, ameeleza jinsi zinavyopozwa kwa barafu na kupakiwa kwenye ndege kwenda kwa walaji wa ng'ambo. Mzee alimeza mate hadharani. Kisha akauliza jin moja, yaani nusu kilo, wanauza kiasi gani sokoni. Nikatafuta. Tani zipo, nchi zilizonunua zipo, mkulima anayetabasamu yupo.

"Bei haijaandikwa, A-baak."

"Angalia chini."

Nikateremsha mpaka chini. Haipo.

"Basi imepanda," akasema, akachukua kikombe chake.